Kilo Kumi na Tano, Mara Mbili

Inspekta Nshobole alikuwa amepita Goma mara kumi na moja, na mara zote hizo hakulala hata usiku mmoja. Anashuka kwenye boti ya Bukavu asubuhi, anakula chapati amesimama, anapanda pikipiki hadi uwanja wa ndege, na saa tisa mchana yuko juu ya mawingu. Ukimuuliza Goma ikoje, anakujibu bila kufikiri: kiwanja na vumbi jeusi. Watu wa Bukavu ndivyo walivyo. Wana vilima vyao vya kijani na majivuno yao, na aliyezaliwa huko haoni haya kuudharau mji wa watu kwa kuutazama kupitia dirisha la ndege.

Mara ya kumi na mbili mvua ilimfunza adabu.

Siku hizo uwanja ulikuwa bado unafanya kazi, na ndege ya Butembo ilikuwa ya viti kumi na viwili, ile inayotetemeka hata ikiwa imesimama. Ndege ndogo haijui cheo cha mtu. Kila abiria anapanda mizani na mwili wake, kisha mzigo wake, na Cédrick, mpimaji wa kampuni, mwanaume wa kitambi na sauti ya mnadani, anasoma kilo ili ukumbi mzima usikie. Mzigo mwisho kilo kumi na tano. Ukizidi, utoe kitu au ubaki nacho.

"Mama Inspekta, soixante-dix-neuf," Cédrick alitangaza.

Nshobole alimtazama kama anavyowatazama wezi. Sabini na tisa zilikuwa siri yake na Mungu wake.

Nyuma yake alipanda Julien, mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Kinshasa, mfupi, mwenye viatu vya kung'aa. Mkoba wake ulikuwa kilo kumi na mbili. Akafuata Edmond, seremala wa Butembo, mtu wa miaka thelathini na kitu, mrefu na mpole, anayesema samahani hata akikanyagwa yeye. Mkoba wake ulisoma kilo kumi na tano kamili. Juu ya nguo zilichungulia jibini mbili za Masisi, za mviringo, kilo mbili kila moja, zimefungwa kwenye gazeti.

"Fromage ya mama," Edmond alisema, kama mtu anayeomba radhi.

"Kumi na tano barabara," Cédrick akacheka. "Huyu alipimia nyumbani."

Halafu wingu likashuka mlimani, likakaa juu ya uwanja, likakataa kuondoka. Saa kumi na nusu wakaambiwa ndege ni kesho asubuhi, saa mbili. Abiria wenye uwezo walikwenda Himbi, kwenye hoteli za kando ya ziwa. Waliobaki walikuwa watatu, na wote watatu wakaelekezwa kwa Muzee Idriss, mtaa wa Mapendo, dakika kumi kwa mguu kutoka uwanjani.

Nyumba ya wageni ya Muzee Idriss ina vyumba vinne na kuta za mawe meusi ya lava, mapana kiasi kwamba mvua ikipiga nje, ndani unasikia kama mtu anapepeta mchele. Muzee mwenyewe alikuwa na miaka sabini na minane na macho yenye ukungu. Babu yake alitoka Kasongo, Maniema, na vitambaa na chumvi kichwani, wakati Goma ilikuwa vibanda vichache tu, na jambo hilo atakuambia kabla hujavua koti. Binti yake Alima ndiye aliyepika: sombe ya majani ya muhogo, maharage, na sambaza, dagaa wa ziwani, waliokaangwa hadi wakalia menoni. Nshobole alikula kama mtu aliyesahau mizani.

Lakini kabla ya kula kulikuwa na desturi ya nyumba. Muzee, ambaye uzee haujampunguzia urefu, alinyoosha mkono juu ya rafu iliyo karibu na dari, akateremsha kitu kizito kwa mikono miwili, akakiweka katikati ya meza. Lilikuwa birika la kahawa, la chuma, tumbo lake limezama nusu ndani ya bonge la lava. Mlima wa volkano ulikuwa umelishika na haukuliachia.

"Kilo nne," Muzee alisema. "Nilipima mwenyewe. Kila mugeni wangu anaweka mukono hapa mbele ya kula. Anasalimia mke wangu."

Wakaweka mikono, mmoja mmoja, na Muzee akasimulia. Mke wake Asha alifariki mwaka mmoja kabla ya lava kuufunika mtaa. Yeye alikuwa dereva wa lori, barabara ya kwenda mji wa Kiwanja, nyumbani siku moja kwa juma, na siku hiyo yenyewe analala. Lava ikashuka akiwa Kiwanja. Aliporudi hakukuta nyumba, wala njia, wala mti wa kumwonyesha kwamba hapa ndipo.

"Jiwe tu, nyeusi, na joto yake bado," alisema. "Tukapima ma-parcelle, viwanja vyetu, kwa kukumbuka. Huyu anasema kwangu ilianza hapa, mwingine anasema hapana, huku. Nikaanza kuchimba fondation, musingi wa hii nyumba, na mutalimbo. Siku ya tatu nikatoa hii. Jikoni ya Asha."

"Muzee, Kinshasa kuna watu wanaweza kulipa vizuri sana kwa kitu kama hiki," Julien alisema.

"Kinshasa banunue mulima wote," Muzee akajibu. "Hii hapana."

Edmond ndiye aliyekaa nalo muda mrefu kuliko wote. Alipitisha kidole gumba chini ya mpini, akakirudisha, akakipitisha tena.

"Muzee, ulitoa upande gani?" aliuliza.

"Hapa hapa. Chini ya hii meza."

Edmond akalisogeza birika polepole, kwa mikono miwili, kisha akaacha kula. Sombe yake ikapoa. Baada ya muda aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na jibini zote mbili. "Mama Alima, kata," alisema. "Tule wote." Alima akakataa, akasema fromage ya mama wa mtu hailiwi njiani, lakini Edmond akakata mwenyewe. Walikula hadi wakashindwa, na iliyobaki ikapelekwa kwa majirani. Nshobole alifikiri, huyu ni muungwana. Alikuwa amekosea kidogo tu.

Kabla ya kulala alikaa barazani na Muzee. Mvua ilikuwa imekwisha, mawe yananuka maji, na huko juu mlima ulikuwa umefungua jicho lake jekundu. Muzee alimweleza jinsi watu walivyorudi siku chache tu baada ya lava, nyayo zinaungua, wakaanza kupanga mawe yale yale yaliyowaangamiza kuwa kuta. "Batu banasema tuko na kichwa nguvu," alisema. "Ni kweli. Lakini utaenda wapi? Hapa ndio kwetu." Nshobole alilala usiku ule vizuri kuliko anavyolala kwake, jambo ambalo hakumwambia mtu.

Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, mlango wake uligongwa taratibu.

"Mama, unisamehe," sauti ya Muzee ilisema. "Asha haiko ku rafu."

Nshobole alivaa viatu bila kufunga kamba. Kwenye rafu palikuwa na vumbi jembamba na duara safi katikati, ukubwa wa sahani. Muzee alikuwa amesimama chini yake, mkono bado umeinuliwa, kama mtu aliyekuja kumsalimia jirani akakuta nyumba imehamwa. Kila asubuhi kwa miaka ishirini na miwili aligusa chuma kile kabla ya kunywa kahawa. Leo kahawa ilikuwa jikoni inachemka na hakuna aliyekuwa na hamu nayo.

"Nani alifungua geti?" Inspekta alimuuliza Alima.

"Mimi. Kufuli niliweka mwenyewe jana, ufunguo nililala nayo chini ya muto. Saa kumi na moja na nusu Papa Julien akanigongea, akasema anaenda kununua kitu, kiisha anapita ku aéroport moja kwa moja."

"Na mkoba wake?"

"Aliubeba."

"Ulikuwa mzito?"

"Mama, mimi nilikuwa na usingizi."

Nshobole alitazama chini. Viti vyote vilikuwa juu ya meza, miguu hewani, na sakafu chini yake imepigwa deki tangu jana; Alima alisema alivipanga kabla ya kulala na hakuna aliyevigusa. Inspekta akainua mkono kuelekea rafu. Vidole vyake vilifika ukingoni tu. Julien alikuwa mfupi kuliko yeye. Aliliona hilo, akaliweka mfukoni mwa akili, na hapo ndipo akafanya kosa la polisi wote duniani: mtu aliyekimbia mapema ana harufu nzuri zaidi ya hatia kuliko mtu aliyebaki.

Edmond alitoka chumbani, mkoba begani, amenawa uso. Akaelezwa. Akainamisha kichwa.

"Ulisikia kitu usiku, papa Edmond?"

"Mvua tu, mama."

Mvua ilikuwa imekwisha kabla watu hawajalala. Nshobole alilisikia neno hilo na akaliacha lipite. Ni vigumu kumpekua mtu ambaye jibini yake bado iko tumboni mwako.

"Ndege inaondoka saa mbili," alisema. "Ikiruka na birika, halirudi tena. Twende."

"Mimi pia naenda," Muzee alisema.

"Baba, macho yako," Alima akaanza.

"Macho ni ya kuona. Hii nitaitambua kwa mikono."

Zikaitwa pikipiki tatu. Ni Edmond aliyemshika mzee kiunoni akampandisha, akamwekea miguu yake mahali pake. "Shikilia nguvu, muzee," alimwambia. Njia nzima, kila pikipiki ya Muzee ilipokanyaga jiwe, Nshobole alimwona Edmond akigeuka kutazama kama mzee bado amekaa.

Julien walimkuta ukumbini, ameketi juu ya mkoba wake, anakunywa chai.

Inspekta hakumwendea. Alimwendea Cédrick. "Unayo orodha ya jana?"

"Ninayo. Leo hatupimi tena, mama. Kilo ni zile zile."

"Leo utapima tena. Wote wa Mapendo. Anza na mimi."

Cédrick alifurahi kama mtu aliyeongezewa siku ya sikukuu. "Mama Inspekta, quatre-vingts," alitangaza. "Kilo moja zaidi."

"Hiyo ni sombe ya Alima," Nshobole alisema. "Endelea. Mkoba wa papa Julien."

Mshale ulipanda, ukapita kumi na mbili, ukasimama kumi na tano. Kilo tatu ambazo jana hazikuwapo. Muzee, aliyeketi kwenye benchi, alisikia namba akainuka. Julien alikuwa amekunja uso.

"Fungua, papa."

"Inspekta, mimi ni mtu ninayejulikana."

"Ndiyo maana nakuomba kwa upole."

Akafungua. Juu ya mashati yaliyopigwa pasi kulikuwa na jibini ya Masisi, nzima, na nusu ya nyingine, zimefungwa kwenye majani ya mgomba. Nshobole alichimba hadi chini. Soksi, kitabu cha sala, dawa ya meno. Hakuna jiwe wala chuma.

"Jana nilionja ile ya ndugu Edmond," Julien alisema, sasa kwa hasira ya mtu asiye na hatia. "Nikaamka mapema kutafuta muuzaji. Kuna mtu anatoka Goma bila fromage? Mke wangu angenifungia nje."

Nshobole alibaki ameshika nusu ile ya jibini mkononi. Kuna mtu anatoka Goma bila fromage. Hakuna. Hata yeye, asiyeupenda mji huu, mara zote kumi na moja alibeba. Na mtu wa Butembo, mtoto wa mama, aliyebeba mbili na kuzipima nyumbani zisizidi hata robo kilo, amezikata zote mezani mbele ya watu asiowajua, na asubuhi hakutafuta nyingine.

"Samahani, papa Julien," alisema, na akamaanisha. "Cédrick, mkoba wa papa Edmond."

Edmond hakubisha. Aliuweka mwenyewe kwenye mizani, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Kumi na tano," Cédrick alisoma. "Ile ile ya jana. Huyu mutu hana makosa."

"Ndilo kosa lake," Nshobole alisema. "Jana zilikuwa kumi na tano pamoja na jibini kilo nne. Jibini tumekula. Leo zingekuwa kumi na moja."

Edmond alitazama viatu vyake. Yeye ndiye mrefu, rafu ile aliifikia bila kiti.

Nshobole aliwapeleka Edmond na Muzee nyuma ya mizani, kwenye chumba kidogo cha kuhifadhia mizigo iliyosahauliwa, akafunga mlango. Edmond alifungua zipu. Birika lilikuwa limezungushiwa shati jeupe la Jumapili, mikono ya shati imefungwa fundo mbele. Muzee alinyoosha vidole, akaligusa, na pumzi ikamtoka kwa sauti.

"Andika tu mwizi, mama," Edmond alisema. "Nitasaini. Nimeiba. Hakuna mengine."

Nshobole alikuwa amehoji watu miaka ishirini na sita. Mwizi wa kweli anaanza na watoto wake wenye njaa, anaendelea na shetani, na kukiri ni kituo cha mwisho. Huyu alikuwa ameanzia mwisho, na alitaka waishie hapo.

"Ulitaka kuliuza?"

"Hapana."

"Basi la nini?"

Nshobole aliligeuza birika. Alikumbuka kidole gumba cha jana, kinakwenda na kurudi. Akapitisha chake chini ya mpini, na pale mpini unapoungana na tumbo akagusa kitu kisicho cha birika: kipande cha mnyororo wa baiskeli, pingili mbili, zimepigwa nyundo zikashika.

"Baba yako alifanya kazi gani?"

"Fundi baiskeli," Edmond alijibu, na mara akajuta.

"Wapi?"

Edmond alimtazama mzee, kisha akamtazama yeye, na macho yake yalikuwa yanaomba. "Mama, tafadhali. Usiulize hapo. Niandikie mwizi, niende mu cachot, nifungwe, iishe."

Hapo Nshobole akaelewa, na alipoelewa alitamani asingeuliza. Ikiwa birika ni la nyumba ya Edmond, basi jikoni lililolitoa ni jikoni la nyumba ya Edmond. Na ikiwa jikoni liko chini ya meza ya Muzee Idriss, basi meza, vyumba vinne, kuta za lava na baraza vimejengwa kwenye kiwanja cha watu wengine. Neno moja la ukweli kutoka kwa kijana huyu lingekuwa kesi ya ardhi, na katika mji huu kesi ya ardhi humaliza mtu kabla haijamalizika yenyewe. Edmond alikuwa ameona afadhali aibe kuliko aombe.

Aligeuka kumtazama Muzee. Macho yale ya ukungu yalikuwa yamemwelekea kijana moja kwa moja.

"Uko mutoto ya nani?" Muzee aliuliza.

"Ya Séraphine, muzee."

"Séraphine ya mandazi, jirani yetu."

"Ndiyo."

Muzee akatafuta ukingo wa sanduku kwa mkono, akakaa. "Ile munyororo niliigusa siku ya kwanza," alisema. "Nikajiambia, Asha alipeleka kwa fundi bila kuniambia. Mutu wa barabara anajua nini juu ya vyombo vya mke wake? Nilikuwa nakunywa na kulala. Sikuangaliaka kahawa inatoka mu nini." Akainua uso kwa Edmond. "Mama yako eko hai?"

"Eko. Macho imeisha kama yako. Anaulizaka kila siku kama mu Goma hakukubakia hata kijiko. Nilitaka ashike hii tu, muzee. Kwa mikono. Basi."

"Ungeniomba."

"Nikikuomba, utaniuliza ju ya nini. Nikikuambia ju ya nini, ninakufukuza mu nyumba yako. Jana nilikula mu sahani yako. Afazali mwizi."

Nje, Cédrick alikuwa anaita majina. Nshobole alijikuta anafuta jicho kwa mkono ulioshika kalamu, akajipaka wino shavuni, na hakuna aliyemwambia.

"Wewe ulijua Asha?" Muzee aliuliza polepole.

"Namna gani nisimujue? Kila asubui mama ananituma na kopo kwa Mama Asha, kuomba makala ya moto ya kuwashia jiko. Hatua kumi na mbili kutoka mulango ya jikoni yetu, kuelekea mulima. Nilikuwa nahesabu nikikimbia ili moto isizimike. Ananipa makala, ananipa na kahawa kidogo mu kifuniko. Nilikuwa na miaka munane."

"Birika yake. Unaikumbuka?"

"Ya bluu, muzee. Ya bluu, na mudomo imepasuka rangi kidogo."

Muzee alirudia neno hilo kwa midomo, bila sauti, mara mbili. Ni mume wa miaka ishirini na tisa, na alikuwa analisikia leo kwa mara ya kwanza.

"Bluu," alisema. "Basi ilikuwa ya bluu."

Halafu akalinyanyua birika kutoka kwenye magoti ya Inspekta, akalipapasa mara ya mwisho, mpini, mnyororo, jiwe, akaliweka mikononi mwa Edmond. "Yule eko hai ndiye anashika," alisema. "Mwambie Séraphine akuje. Ile nyumba tutaipima tena, mimi na yeye, na haya macho yetu mabovu. Chumba ya kwanza ni yake hata kama hatusikilizane. Na mwambie asikawie, mimi siko kijana."

"Muzee, mama hatataka nyumba."

"Hiyo atasema mwenyewe. Wewe ulishasema mingi kwa kunyamaza."

Nshobole alifungua daftari. Alifikiri kidogo, kisha akaandika mistari miwili, akawasomea kwa sauti kama sheria inavyotaka: birika limepatikana saa moja na dakika arobaini, limekabidhiwa kwa mwenyewe. Edmond alisaini. Muzee alisaini kwa kidole.

"Mama Inspekta!" Cédrick aliita mlangoni. "Propela inazunguka. Unapanda ama unabaki?"

Alimtazama Muzee, ambaye alikuwa anatafuta fimbo yake upande ambao haikuwapo. Kazi iliyomngoja Butembo ilikuwa faili la karatasi tu, na karatasi haiozi.

"Kuna nafasi saa tisa?"

"Iko. Lakini tutakupima tena."

"Pimeni," alisema, akampa mzee fimbo.

Walirudi Mapendo taratibu, pikipiki moja nyuma ya nyingine, na juu yao ndege ndogo ikapita inatetemeka, na Edmond na birika na kilo zake zote. Muzee hakukaa. Alikwenda hadi kwenye meza ya chakula, akaweka kiganja juu ya mbao, akageuza uso upande wa mlima.

"Hatua kumi na mbili," alisema.

"Kumi na mbili za mtoto wa miaka minane, mwenye moto kwenye kopo," Nshobole alisema. "Hizo ni fupi. Kwako ni saba, labda nane."

Akamshika mkono. Wakatoka kwa mlango wa nyuma, Alima anawafuata na kitambaa cha vyombo mkononi bila kuuliza. Hatua nne zikawafikisha kwenye ukuta, wakauzunguka. Sita zikawafikisha barabarani. Ya nane ikawaingiza chini ya bati la kwado ya Benny, mziba matairi, mahali ambapo Muzee alikuwa amepita kila siku ya Mungu kwenda msikitini na kulalamika kwamba makelele ya kompresa yanamuua. Hapakuwa na kitu. Matairi yaliyopangwa, beseni la maji machafu, lava nyeusi iliyolainishwa na miguu ya watu.

Benny alizima kompresa. Aliwatazama wote watatu, kisha akamtazama Inspekta mwenye wino shavuni.

"Muzee, iko nini? Unagonjwa?"

Muzee Idriss aligonga lava kwa fimbo mara moja, kama anayebisha hodi, akasikiliza.

"Nipe kiti, Benny," alisema. "Niko kwangu."